Safari ya Kiangazi: Kutoka Kampala hadi Kidepo na Mbale

Vitabu tulivyosomea Kiswahili viliyataja majira ya mwaka kama yanavyojulikana pwani: masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Sisi wa Kampala tuliyakariri kwa ajili ya mtihani na kuyasahau siku ya pili yake, kwa kuwa mvua ya Kampala haina desturi ya kungoja zamu. Hunyesha Machi hadi Mei, hunyesha tena Septemba hadi Novemba, na katikati hunyesha ikipenda. Neno kiangazi lilikuwa kwetu jina la ngeli ya KI-VI, na si zaidi ya hapo.

Ndipo Januari moja, shule zikiwa zimefungwa, tulipofunga safari ya kwenda kukitafuta kiangazi chenyewe. Tulikuwa wanafunzi-walimu sita, mkufunzi wetu, na dereva, Mwacholi wa Kitgum aliyetuzidi sote umri, nasi sote tulimwita Mzee. Tulichanga fedha tukakodi takisi, yaani basi dogo la viti kumi na vinne ambalo siku nyingine huchukua abiria wa mjini. Njia tuliyoichora ilikuwa duara kubwa: kwenda kaskazini hadi Gulu na Kitgum, kupanda kaskazini-mashariki hadi Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, kuteremka kupitia Karamoja hadi Moroto, kulala Mbale chini ya Mlima Elgon, kisha kurudi Kampala kupitia Jinja.

Mkufunzi alitupa sharti moja. Kila mmoja wetu awe na daftari, na kila sentensi ya Kiswahili atakayoisikia njiani aiandike kama ilivyotamkwa, pasipo kuisahihisha. "Kusahihisha mtakufanya miaka thelathini ijayo," alisema. "Wiki hii sikilizeni tu."

Tuliondoka alfajiri kwa barabara ya Bombo. Matugga tuliipita gizani, Bombo kulipopambazuka, na tulipofika Wobulenzi wauza mananasi walikuwa wamekwisha kupanga mafungu yao kando ya lami. Hapo mwenzetu mmoja, binti wa Luweero, ambaye tangu Kampala alikuwa amenyamaza, alituonyesha njia ya vumbi inayochepuka kuelekea magharibi. Kwao, alisema, ni kule. Tulimwomba atueleze habari za kwao, tukitarajia habari za mashamba.

Vita vya msituni vilipiganwa katika eneo lile baina ya mwaka 1981 na 1986. Mama yake alikuwa na umri wa miaka kumi hivi vilipofika kijijini. Kiswahili alichokijua mama yule, alisema mwenzetu, kilikuwa maneno matano: toka, lala, lete, kimya, haraka. Hakujifunza jingine la sita, wala hakutaka kujifunza. Sisi, tukiwa wanafunzi wa sarufi, twaweza kusema kwamba mawili kati ya maneno hayo si vitenzi. Lakini hata hayo mawili yalikuja kama amri, na mtoto aliyelala kifudifudi kwenye shamba la mihogo hakuwa na haja ya kuyabainisha. Binti yake alipompa habari kwamba amechagua kusomea ualimu wa Kiswahili, mama hakugomba. Alikaa kitambo, kisha akauliza kama hapakuwa na somo jingine lililobaki.

Hatukuwa na la kumjibu. Sote tulikuwa tumelelewa katika nyumba zenye mashaka ya namna hiyo, ingawa si zote zilikuwa na sababu nzito kama yake. Mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda hana budi kuijua historia hii kabla ya kushika chaki. Lugha hii haikuingia kwetu na bunduki. Ilikuja katika karne ya 19 na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, ikapokelewa katika jumba la Kabaka, na Kabaka Mutesa I mwenyewe aliweza kuisema. Baadaye ikawa lugha ya kambi za jeshi la kikoloni. Gavana Gowers alipotaka kuieneza shuleni mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa na wakuu wengi wa Buganda walimpinga, wakiona kwamba Luganda itapokonywa kiti chake. Mwaka 1973 utawala wa Idi Amin uliitangaza kuwa lugha ya taifa. Wenye kuipenda wakafurahi, na wenye kuuogopa utawala ule wakazidi kuiogopa lugha. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaelekeza kwamba ifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hivyo ndivyo sisi tulivyopata kazi. Jambo moja la kuchekesha kidogo ni kwamba mama wa Luweero, aliyekataa neno la sita, kila siku huomba ssabbuuni wa kufulia, huweka chakula juu ya emmeeza, na aliwanunulia watoto wake ekitabo na ekkalaamu. Pwani ilikwisha kuingia jikoni mwake kabla hajazaliwa.

Kutoka Luweero hadi Karuma hatuna mengi ya kuandika. Nchi ilizidi kuwa tambarare na nyasi zikazidi kukauka. Karuma tuliona nyani wamekaa kandokando ya barabara kama wapokea ushuru, na chini ya daraja Mto Nile ukitoa povu jeupe kwenye mawe. Gulu tulilala. Ni mji ambao, pamoja na Mbale na mingine mitano, ulipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, nasi tulipata humo malazi safi na usingizi mzuri. Usiku tulikusanya madaftari. Kila mtu alikuwa na ukurasa mmoja au miwili, tena yenye kufanana. Nunua. Ongeza. Ngoja. Lipa kwanza. Egesha hapo. Kuja hapa. Mkufunzi aliyapitia yote bila neno, akayarudisha.

Siku ya pili jioni, baada ya Kitgum na vumbi jingi, tuliingia Kidepo.

Hifadhi hii ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1962, mwaka wa uhuru wetu. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,442, nayo imejibanza katika pembe ya nchi, Sudan Kusini ikiwa upande mmoja na Kenya ikiwa si mbali upande wa pili. Ina mabonde mawili. Bonde la Narus hubakiza vidimbwi vya maji hata wakati wa ukame, kwa hiyo mnamo Januari wanyama wote husongamana huko: nyati makundi kwa makundi, pundamilia, kongoni, tembo, na simba wakiwa wamelala juu ya majabali. Bonde la Kidepo, lililo upande wa mashariki, ni kame zaidi. Huko wanapatikana mbuni. Pambizoni unasimama mlima Morungole wanakoishi Waik, watu wachache wenye lugha yao isiyofanana na ya majirani.

Kiangazi tulikikuta hapo. Tulikuwa tumekidhania kuwa ni joto, kumbe joto ni sehemu yake ndogo. Kiangazi ni harufu ya nyasi zilizokauka hadi kuwa na rangi ya mwili wa simba, kiasi kwamba simba hatumwoni hadi apepese sikio. Ni upepo unaovuma toka asubuhi pasipo kuleta wingu. Ni midomo kupasuka. Wenzetu wawili waliokuwa wamechukua miavuli kutoka Kampala waliiacha uvunguni mwa viti hadi tuliporudi.

Asubuhi ya tatu askari wa wanyamapori alitupeleka kwenye Mto Kidepo wenyewe. Tulishuka garini tukasimama ukingoni, tukautazama mto tuliousafiria zaidi ya kilomita 550. Ulikuwa mchanga. Mchanga mweupe, mpana makumi ya mita, uliopinda na kupotea baina ya safu mbili za mivumo mirefu. Mivumo hiyo huzaa matunda makubwa ya rangi ya chungwa, na inaelezwa kwamba jina Kidepo latokana na kitenzi cha wenyeji chenye maana ya kuokota, kwa kuwa watu walikuja hapo kuyaokota matunda yaliyoanguka. Wakati wa mvua mto hutiririka kwa siku chache, halafu hurudi kuwa mchanga.

Hapo ukazuka ubishi ambao msomaji asiye mwalimu angeuona wa ajabu. Mmoja wetu alikuwa ameandika daftarini, "Mtoni hakuna maji." Wa pili alisema kwamba mahali penyewe tunapaona kwa macho na tumepakanyaga, kwa hiyo itafaa "hapana maji." Binti wa Luweero alisema wote wamekosea: kitu hukaa ndani ya mto, na umbo la ndani ni "hamna maji." Luganda, alisema, haina shaka katika jambo hili; Mganda husema "mu mugga temuli mazzi" tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na hiyo "mu" ndiyo dada ya "m" ya Kiswahili. Mwenzetu wa Gulu alilalamika. Kiacholi si lugha ya Kibantu. Hukanusha kuwapo kwa kitu kwa neno moja fupi, pe, liwe juu, chini au ndani. Kwa nini basi mtoto wa Gulu ateswe na viambishi vitatu vya mahali ikiwa maji yenyewe hayapo kwa namna yoyote ile?

Swali lake lilikuwa la haki, na mwalimu yeyote atakayefundisha kaskazini mwa nchi atalisikia. Tulimjibu kwa kanuni: PA kwa mahali mahususi, KU kwa mahali pasipodhihirika, MU kwa ndani. Aliiandika. Hakuridhika, nasi tuliona kwamba hakuridhika, lakini jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, tukarudi garini. Katika mto ule, tulikubaliana kwa mzaha, hapana, hakuna, wala hamna.

Siku iliyofuata tulitoka hifadhini kuelekea Kaabong, katika nchi ya Wadodoth. Barabara huko hukatiza vijito vingi vya mchanga, na katika kimojawapo gari letu lilizama hadi mhimili wa nyuma. Mzee alizima injini, akatazama magurudumu, akaenda kutafuta mawe nyuma ya vichaka. Sisi tulibaki tumesimama mchangani, hatuna la kufanya.

Ndipo tulipomwona mzee mwingine. Alikuwa akija kwa kufuata mkondo wa kijito, shuka begani, fimbo mkononi, na kile kigoda kidogo cha mti ambacho wanaume wa Karamoja hutembea nacho kila waendako. Nyuma yake walikuja wavulana watatu na ng'ombe wachache waliokonda. Tulifurahi kuwaona. Watu wenye nguvu za kusukuma, tulidhani, na wenyeji wanaoijua njia. Mmoja wetu aliinua mkono na kuita kwa sauti kubwa, "Njoo! Njooni!" Hatumtaji, kwa maana sote tulikuwa tumekwisha kufungua kinywa, yeye alitutangulia tu.

Sarufi yake haikuwa na kosa hata moja. Wengi barabarani wangesema "kuja," kama tulivyoandika katika madaftari yetu. Yeye alilikumbuka umbo lisilofuata kanuni, umbo ambalo mkufunzi alitufundisha pamoja na "nenda" na "lete," tena alitofautisha umoja na wingi kwa mpigo mmoja. Mzee yule alisimama papo hapo. Aliweka fimbo chini. Akaweka kigoda chini kando ya fimbo, kisha akaketi, si juu ya kigoda bali juu ya mchanga, akanyoosha miguu yake mbele na kuweka mikono miwili kichwani. Wavulana walisimama bila kujua la kufanya. Mzee akasema, kwa Kiswahili, akitutazama miguuni:

"Hapana bunduki, afande. Bunduki hapana."

Tulikuwa vijana wa Kampala wenye fulana na kofia za jua. Hakuna aliyekuwa na sare wala fimbo. Lakini tulikuwa na lugha ile, na sauti ile, na gari.

Baadaye Mzee wetu alitueleza yale ambayo huenda tungeyajua kama tungeuliza kabla ya kuondoka. Bunduki zilikuwa nyingi Karamoja kwa miaka mingi, na wizi wa ng'ombe uliua watu wengi. Serikali ilianza kukusanya silaha mwishoni mwa mwaka 2001, ikarudia tena kuanzia mwaka 2006. Katika miaka hiyo watu wa vijijini walisikia Kiswahili zaidi ya walivyowahi kukisikia, na walikisikia wakiwa katika hali moja. Yeye mwenyewe aliwahi kuchukua chumvi na sabuni kwa lori kutoka Kitgum hadi Kaabong, na alikuwa amewaona wazee wakiketi hivyo.

Lakini hayo tuliambiwa baadaye. Pale mchangani tulikuwa na tatizo la lugha ambalo hatujawahi kukutana nalo katika kitabu chochote. Tulitaka mzee ainuke. Maneno yaliyotujia midomoni yalikuwa inuka, simama, usiogope. Kila moja tuliligeuza kinywani na kuliona kwamba ni lilelile, ni amri nyingine juu ya amri. Hata "usiogope" ni amri. Mwenye kutisha ndiye husema usiogope. Aliyeita alikuwa ameganda, mkono bado uko hewani. Mkufunzi wetu, ambaye ameandika maswali ya mitihani juu ya hali ya kuamrisha kwa miaka mingi, alifungua kinywa akakifunga.

Binti wa Luweero alivua kofia. Alimwendea mzee polepole, si kwa kumkabili bali kwa ubavuni, na alipofika hatua mbili hivi akaketi mchangani kando yake, akanyoosha miguu kama yeye. Hakusema neno. Mmoja baada ya mwingine nasi tuliketi, kila mtu pale alipokuwa, hata mkufunzi mwenye suruali yake ya kitambaa cheupe. Mzee alitutazama kwa muda mrefu. Mikono ilishuka kichwani kwanza mmoja, halafu wa pili.

Hivyo ndivyo dereva wetu alivyotukuta aliporudi na mawe: watu wanane wameketi katika mto mkavu, ng'ombe wakituzunguka. Alicheka kwanza, kisha akaelewa. Akasalimu kwa lugha ya mahali, "Ejoka?" na mzee akaitikia kwa sauti iliyokuwa tofauti kabisa na ile aliyotusemesha sisi, sauti nzito na tulivu ya mtu mwenye wajukuu. Wakazungumza. Akachukua kigoda chake, sasa, akakikalia.

Walikuwa wamekuja kunywesha ng'ombe. Hatukuelewa, maana palikuwa pakavu kama sakafu. Mzee aliwaashiria wavulana, nao wakaenda kwenye kipinde cha kijito, wakaondoa matawi ya miiba yaliyofunika shimo, wakaanza kuchota mchanga kwa kibuyu na mikono. Walipofika kina cha kiuno cha mtoto mchanga ukageuka rangi. Kisha ukalowa. Kisha yakaja maji, machache, ya rangi ya chai ya maziwa, yakakusanyika chini ya shimo bila haraka.

Mwenzetu wa Gulu alichuchumaa ukingoni mwa shimo akatazama. "Hapana maji," alisema polepole, akiugusa mchanga wa juu. Halafu akaonyesha ndani. "Mna maji." Alitoa daftari lake akaandika. Hatukuwa na haja ya kumweleza kanuni tena, na tangu siku hiyo yeye ndiye hutusahihisha sisi.

Jambo hilo lilitufanya tulirudie neno la mzee. Tulipokuwa Kampala tungalimwambia mwanafunzi kwamba "hapana bunduki" ni Kiswahili cha kambini, na kwamba mwenye kusema kuhusu nafsi yake yampasa aseme "sina bunduki." Lakini tukilichambua, "hapana" ni ha, pa, na: mahali hapa hapako na. Mzee hakuzungumza juu ya nafsi yake. Alitangaza hali ya mahali. Kama alikusudia hivyo au alirudia tu alivyozoea kusikia, hatuwezi kujua. Lakini sentensi yake ilisimama kisarufi, na ilikuwa sentensi ya kwanza katika madaftari yetu, tangu Kampala, ambayo haikuwa amri. Aliyekuwa ameamriwa ndiye aliyeisema.

Kulitoa gari kulichukua saa moja. Tuliwapa jerikeni moja ya maji yetu safi, nao wakaleta matawi ya kutandika chini ya magurudumu. Ilipofika wakati wa kusukuma, binti wa Luweero aliweka mikono yake nyuma ya gari, akawageukia wavulana na kusema, "Tusukume." Hawakulijua neno, lakini waliona mikono yake. Mara ya pili walilisema pamoja naye. Mara ya tano walikuwa wanaliimba, wakilikata vipande vinne, tu-su-ku-me, na kwenye me ndipo walipotia nguvu. Gari lilitoka likaturushia sisi sote mchanga. Mzee alikuwa amesimama juu ya ukingo na fimbo yake. Hakutupungia mkono, wala hatukumtarajia atupungie.

Kotido na Moroto tulizipita tukiwa wanyonge. Mlima Moroto, wenye urefu wa mita 3,083, unasimama nyuma ya mji kama ukuta, na kuanzia hapo barabara ni ya lami. Tulivuka Pian Upe, hifadhi ya wanyamapori yenye kilomita za mraba 2,788, kubwa kuliko Kidepo, lakini mchana ule ilikuwa nyasi tupu hadi upeo wa macho na wengi wetu tulisinzia. Tulipoamka palikuwa na migomba. Hakuna aliyesema kitu. Kila mtu alishusha kioo chake akavuta hewa.

Mbale imekaa chini ya jabali la Wanale, ambalo ni ubavu wa Mlima Elgon. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alijenga ngome yake hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na mji ukakua kumzunguka hadi kuwa jiji. Kutoka mtaani, ukiinua macho, waona nyuzi nyeupe za maporomoko zikining'inia juu ya mwamba. Uzuri huo una bei yake: usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu zaidi ya ishirini. Wenyeji hutuonyesha hadi leo alama ya maji kwenye kuta.

Sokoni tuliingia na madaftari yetu, tukiwa waoga kidogo. Mwanamke mwenye kuuza malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, alitusalimu kwa Lumasaaba, "Mulembe," kisha akatugeuzia Kiswahili alipoona tunasitasita. Kenya haiko mbali, na biashara ya kuvuka mpaka imemfundisha. "Karibuni, walimu," alisema. Tulikuwa tumekwisha kujitaja. "Niwapimie? Niwafungie mangapi? Mwenzenu huyu mbona haonji, nimpe kidogo aonje?"

Mkufunzi alituangalia. Tulikuwa tumekwisha kuandika. Niwapimie, niwafungie, nimpe, aonje. Irabu e mwishoni mwa kila kitenzi, nayo haikumwamrisha mtu. Kila e ilikuwa mlango ulioachwa nusu wazi ili mnunuzi aingie au apite. Tulinunua malewa mengi kuliko tuliyohitaji. Jioni ile tulijaza kurasa nyingi kuliko siku zote zilizotangulia.

Kampala tulifika Jumamosi, mvua ikinyesha pasipo majira. Binti wa Luweero hakulala mjini. Alipanda takisi ya kwao jioni hiyohiyo. Jumatatu tulipokutana darasani kwa ajili ya kupanga mazoezi ya kufundisha, tulimwuliza kama alimsimulia mama yake. Alisema ndiyo. Mama alikuwa anamenya matooke, na alimsikiliza hadi mwisho bila kuinua kisu. Halafu akauliza jambo moja tu: mzee yule aliinukaje, mlimwambia neno gani?

Hatukumwambia neno, alijibu binti yake. Tuliketi. Na baadaye, wakati wa kusukuma gari, tulisema tusukume.

Mama alimwomba alirudie, akalirudia. "Hilo," mama alisema, "hatukuwahi kulisikia."